Haki ya Kutaniwa

Kwa Wachaga wenzangu wa Kariakoo, mimi nilikuwa hasara. Mjomba wangu alikuwa na duka la jumla mtaa wa pili kutoka sokoni, na alikuwa na hakika kwamba nikimaliza shule nitakaa nyuma ya kaunta yake niuze vitenge, betri na majembe kama binadamu wengine. Badala yake nikaajiriwa na serikali, na kazi yenyewe ikawa kuajiri watu wengine. "Yaani unagawa kazi?" mjomba aliniuliza, uso umemkunjamana. "Na wewe unabaki na nini?" Leo nimestaafu, naishi kwa pensheni isiyotosha sukari, na jibu bado sijalipata.

Nilipangiwa karakana ya wasiojiweza. Ndivyo tulivyowaita enzi zile, bila haya, ingawa walishona, walisuka na waligonga nyundo kutwa nzima, wakati sisi tuliojiweza tulikuwa ofisini tunasubiri chai. Karakana ilikuwa nyuma ya soko, kwenye ghala lililotaifishwa, lenye harufu ya karafuu ambayo haikutaifishika. Upande mmoja walikaa vipofu wakisuka vikapu. Upande wa pili walikuwa mafundi cherehani, wengi wao polio ilishawachukua miguu, wakishona sare za shule. Pembeni, karibu na mlango wa uani, palikuwa na watu wa katambuga, wanakata matairi ya lori kuyafanya viatu. Wote hao waliniita Mangi, kama ambavyo mji mzima unamwita kila Mchaga, awe na duka au asiwe nalo.

Kazi yangu ilikuwa kuwatafutia wahudumu: wa kupika uji, wa kumsaidia mtu kufika chooni, wa kusukuma viti, wa kufua na kufagia. Kazi ngumu, na bado foleni ya waombaji ilifika barabarani. Sababu yake ilikuwa wazi. Miaka ile mtu asiye na kazi mjini aliitwa mzururaji, na wazururaji walikuwa wakikusanywa, wanapandishwa lori, wanapelekwa vijijini wakalime. Kwa hiyo kitambulisho cha kazi kilikuwa kinatamaniwa kuliko mchumba. Kuna waliokuja na vimemo vya wakubwa, kuna waliokuja na kuku. Kuku niliwarudisha. Vimemo vilikuwa vigumu zaidi kuvirudisha, maana wakubwa walikuwa na kumbukumbu nzuri.

Kila mwombaji nilimuuliza kwa nini anaitaka kazi hii, na wote walinijibu jibu lile lile: "Nawahurumia sana hawa ndugu zetu." Wengine walisindikiza kwa kaulimbiu za siasa, ngumi juu, mpaka nikawa naitikia kwa mazoea. Kuna dada mmoja alilia. Nilimpitisha karakanani aone mazingira, akalia machozi ya kweli toka mlango wa mbele hadi mlango wa nyuma, hadi msusi mmoja kipofu akamtafutia leso, akamwambia, "Pole, dada. Nani kafariki?"

Yule nilimwajiri. Hakumaliza hata miezi miwili, wenyewe wakaja ofisini kwangu, kiongozi wao akiwa fundi cherehani wa Kimakonde aliyetembelea mikono, kifua kipana, ulimi mkali kuliko mkasi wake. "Mangi," akasema, "tuondolee yule mtu. Anatuangalia kama tumeshazikwa. Mimi nashona suruali pale, nikiinua macho nakutana na matanga yangu."

Tangu hapo nikabadili utaratibu. Mwombaji akifika nilimwambia, "Ingia mle ndani, nisubiri," kisha nikaenda zangu barazani kunywa kahawa kwa muuza kahawa. Nikirudi, simuulizi mwombaji chochote. Nawauliza wale walio ndani. Hiyo ndiyo ilikuwa kamati yangu ya usaili, na haikuandikwa popote, kwa sababu mkurugenzi angekufa kwa mshtuko.

Mkurugenzi wetu alitoka kanda ya ziwa, alisomea seminari akaiacha mlangoni mwa upadri, na alivaa suti ya mikono mifupi iliyopigwa pasi hadi ikasimama yenyewe. Mtu mwema kabisa, nasema bila kejeli, na nyinyi mnaonijua mnajua kejeli kwangu si haba. Alikuwa ameandikisha kwa rangi ukutani, HESHIMA KWA WOTE, herufi kubwa, juu kabisa ya vichwa vya wale vipofu. Alitembea karakanani kwa sauti ya chini kama yuko wodini. Mafundi walimheshimu, na akitoka tu walipumua.

Sasa, pale kwenye katambuga alikuwepo mzee mmoja wa Kizaramo, mwenyeji wa mji huu tangu ukiwa minazi. Maisha yake yote alikuwa mchukuzi sokoni, anasukuma mkokoteni. Siku moja mkokoteni wake mwenyewe, umejaa mihogo, ulimrudia kwenye mteremko, ukamvunja mguu. Jeraha likaoza, mguu ukakatwa. Alipoletwa kwetu alikuwa hasemi. Alikata matairi, akanywa uji akipewa, na asipopewa hakudai. Watu wa soko walikuja kumtazama mwanzoni. Walileta machungwa, wakakaa kimya, wakaondoka. Kila mara baada ya ugeni ule alikuwa mbaya zaidi, na mimi sikuelewa kwa nini, maana machungwa yalikuwa mazuri. Najua, kwa sababu aliyakataa tukala sisi.

Ndipo akaja mwanamke mmoja wa Tabora. Mnyamwezi, mnene wa kutosha, kanga moja ya kuvaa na moja ya kufuta jasho. Mumewe alikuwa mtu wa reli. Alimleta mjini kwa treni, kisha akapanda treni nyingine bila yeye. Hakuwa na kimemo wala kuku. Alikuwa na hofu ya lori, na aliisema wazi: "Bwana afisa, mimi sina pa kurudi. Shamba la baba wamegawana, nyumba ya mume ina mke mwingine. Wakinipandisha lile lori wananipeleka kwa nani?"

"Kwa nini unataka kazi hii?" nikamuuliza kwa mazoea.

"Si nimeshakwambia? Naogopa lori."

Nikapenda. Nikamwambia aingie ndani anisubiri, nikaenda kwenye kahawa yangu. Sikuimaliza. Kule ndani ilitoka sauti ambayo sijawahi kuisikia pale: mwanamke anapiga kelele, cherehani zote zimesimama. Nikarudi mbio nikijua kuna aliyejikata.

Mwanamke alikuwa amesimama mbele ya mzee wa Kizaramo, mikono kiunoni. Kumbe alikuwa amemuuliza kabila, swali ambalo ofisini kwetu lilikuwa mwiko kabisa, fomu zetu zote hazikuwa na nafasi yake. Nchi moja, watu wamoja. Mzee akanong'ona kwamba ni Mzaramo. Basi kwisha. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu babu zao wakiwabebea watu mizigo kutoka bara hadi pwani, na mtani hana adabu wala haombi ruhusa.

"Mzaramo!" alikuwa akipiga kelele. "Nani alikutuma usukume mkokoteni? Kubeba mizigo ni kazi yetu sisi Wanyamwezi, tumepewa na Mungu. Wewe kazi yako ngoma na kulala. Ona sasa, mkokoteni umekukataa! Na huo mguu umeupeleka wapi, umeuweka rehani ukanunue tende?"

Mzee akaweka kisu chini polepole, akainua uso, akasema kwa sauti yenye kutu: "Nyie mlioleta meno ya tembo kichwani mkafika pwani mkashangaa bahari, mkasahau njia ya kurudi. Kaa chini, Mnyamwezi, kichwa chako bado kina alama ya mzigo."

Kikafuata kicheko cha ghala zima, kicheko ambacho sijawahi kukisikia pale. Sikuwa na haja ya kuiuliza kamati. Mmakonde alinitazama tu akasema, "Mangi, ukimwacha huyu aondoke, sare za shule mtashona wenyewe."

Niliandika kwenye barua ya kumpendekeza kwamba mwombaji ana "uzoefu wa kuhudumia jamii". Ningeandika nini? Sifa ya mwombaji: mtani?

Siku chache baadaye mzee mwenyewe ndiye aliyenieleza. Tulikuwa uani, ameegemea magongo yake, anatafuna muhogo wa kuchoma aliokuwa ameudai kwa matusi. "Unajua, Mangi," akasema, "mimi sokoni nilikuwa na watani wengi. Walinitukana tangu nina nywele. Nikipita na mkokoteni wananiita majina siwezi kukutajia, wewe mtu wa kanisa. Siku nimekatwa mguu, wakaja wameshika machungwa, wananiita 'mzee wetu.' Mzee wetu! Nikajua basi, hawa wameshanizika. Huyu mwanamke ndiye wa kwanza kuniona nipo."

Nilienda chooni nikakaa kidogo, kwa sababu afisa hatakiwi kuonekana analengwalengwa na machozi.

Basi ikawa ndiyo karakana yetu. Asubuhi mwanamke aliingia akimkagua mzee: "Bado upo? Wazaramo hamfi hata kwa kukatwa vipande." Alimfichia magongo, akamwambia acheze ngoma kwanza. Mzee naye alikataa uji wake mbele za watu, akisema Mnyamwezi amepikia kwenye ndoo ya mzigo, kisha anaunywa wote na kuomba mwingine. Aliongezeka mwili. Akaanza kuwafundisha wenzake kukata soli, akiwagombeza kutwa. Na huyo mwanamke, sisemi kwamba alikuwa mtani tu: hakuna mtu aliyesubiri choo akiwa zamu yeye, hakuna kidonda kilichonuka.

Halafu mkurugenzi akasikia.

Alikuwa anapita kwa ule mwendo wake wa wodini, akafika mlangoni wakati mwanamke anapaza sauti: "We kiwete wa Kizaramo, sogeza huo mguu mmoja nifagie, au na huo unataka nikupeleke nao sokoni?" Mkurugenzi aligeuka, akaenda ofisini, akaniita. Alikuwa na uchungu wa kweli.

"Umeniletea mtu wa kutukana vilema," akasema.

"Mzee, ni utani. Ni mtani wake."

"Unadhani sijui utani? Kwetu nina watani. Lakini utani una mipaka, bwana. Kilema hataniwi."

"Mzee, ndiyo maana alikuwa anakufa."

Hakunielewa, na nikakosa subira, nikaanza kumweleza habari za Wazaramo na Wanyamwezi na misafara ya zamani. Akainua kiganja. "Haya ya makabila utayaandika wapi? Nikiulizwa wizarani kwa nini nimemthibitisha mtumishi anayedhalilisha wasiojiweza, nijibu kwamba ni Mnyamwezi?" Hapo, lazima niseme, alikuwa na hoja. Hata hivyo nilitamani kumchanachania ile suti.

Miezi ya majaribio ya mwanamke ilikuwa inaisha. Mkurugenzi aliamua shauri lisikilizwe Jumatatu, na kwa kuwa alikuwa mtu wa haki alikubali mzee aje kutoa ushahidi mwenyewe. Bila kuthibitishwa hakuna kitambulisho, na bila kitambulisho kuna lori. Wiki ile malori yalikuwa yanapita mtaa wa Msimbazi kila asubuhi. Mwanamke alinyamaza siku nzima alipoambiwa. Ni mzee aliyemtoa kimya kile. "Usilie, punda wa bara," alimwambia. "Jumatatu nitakwenda. Nitawaambia wewe ni mbaya kuliko wanavyosikia, na wakikufukuza waniletee mbaya mwingine kama wewe. Hawatampata."

Jumamosi alfajiri mzee akafariki. Moyo tu, alilala, hakuamka.

Nyumba ya familia yake ilikuwa ile ya Kiswahili ya kawaida, ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma. Wanaume tulikaa nje kwenye mikeka, wanawake uani. Karakana nzima ilikuja. Wengine walisukumwa kwa mikokoteni ya sokoni, na wachukuzi hawakuwadai kitu. Mkurugenzi alikuja, akaketi mkekani na suti yake kwa shida kubwa, kwa sababu haikuzoea kukunjwa. Nilikaa naye. Niliwaza Jumatatu. Shahidi wetu alikuwa anaoshwa.

Jeneza lilipoinuliwa ukumbini ili litolewe, mlango ukazibwa. Mwanamke alikuwa amesimama kizingitini. Amevaa kofia ya marehemu, kanzu yake ya zamani juu ya kanga, na kwapani ameshika magongo yale mawili. Mguu mmoja ameukunja nyuma. Akaanza kutembea kama mzee: kile kishindo kidogo cha gongo la kulia, ile shingo ya kiburi, kile kikohozi cha kuombea uji. Alikuwa yeye kabisa. Vicheko vikaanza uani, vikaja hadi barabarani.

Mkurugenzi akanishika mkono. "Hata hapa?" akasema kwa pumzi. "Hata maiti?"

"Hapa ndipo hasa, mzee. Msibani mtani ana kazi yake. Mwache."

"Huyu haendi popote!" mwanamke alikuwa anawaambia wabeba jeneza. "Mnampeleka wapi? Jumatatu ana miadi na mimi! Ameniahidi atanitetea kwa wakubwa, leo amejilaza. Uvivu gani huu? Mzaramo yuko radhi afe kuliko kuamka mapema! Mrudisheni chumbani, avae, aje anitetee!"

Watu walicheka mpaka wakashikana. Ndugu wa marehemu wakatoa kile kifungu cha pesa za watani, kama desturi ilivyo, ili aachie njia. Hakukipokea. Alikuwa analitazama jeneza.

"Na nani atanitukana mimi?" akasema.

Hiyo haikuwa sauti ya utani. Mguu aliokuwa ameukunja ukashuka, magongo yakaanguka, akakaa pale pale kizingitini na kofia ya watu kichwani, akalia. Alilia kwa kwikwi, mdomo wazi.

Mtani halii. Mtani ndiye anayezuia wengine wasizidiwe na kilio. Akilia yeye, hakuna aliyepangiwa kumnyamazisha. Wabeba jeneza walisimama na mzigo wao, hawajui waweke au wabaki nao. Shekhe akatazama chini.

Wa kwanza alikuwa dada wa marehemu, bibi kizee aliyekonda. Alitoka uani akaja nyuma yake. "Mnyamwezi," akasema, sauti inatetemeka, "toka mlangoni. Pwani hatuziki kwa kelele za porini. Tangu lini mzigo ukambeba mchukuzi?"

Kisha Mmakonde. Huyu hakuwa na utani na Wanyamwezi hata wa kuazima. Alikuja kwa mikono yake, akipenya katikati ya miguu ya watu, mpaka wakawa uso kwa uso, kwa sababu mwanamke alikuwa amekaa chini, wamelingana. "Inuka, bibie," akasema. "Au makalio yamenasa? Tuite winchi ya bandarini?"

Yule msusi kipofu, yule mwenye leso, akauliza kutoka mkekani kwa sauti kubwa: "Hivi huyo ni yeye analia? Mimi nilidhani treni ya Tabora imeingia."

Hapo mambo yakafunguka. Kila mtu wa karakana alikuwa na lake. Wa kabila hili, wa kabila lile, wengine kabila zao hata mimi sizijui. Walimtukana uji wake, walimtukana kanga yake, walimtukana mume wake wa reli. Waliokuwa na midomo mizito walimtupia makobazi. Wengi walikuwa wanalia wakati wanatukana.

Mkurugenzi alikuwa amesimama. "Mbona wanamtukana," akaniuliza, "na wanaona kabisa analia?"

"Wanamthibitisha kazini, mzee," nikasema.

Akatazama kule. Mwanamke alikuwa ameanza kucheka katikati ya kwikwi, anajifuta kwa kanga yake ya jasho, Mmakonde amemshika mkono anajifanya kumvuta. Akainuka. Akaivua ile kofia, akaiweka juu ya jeneza, akajibanza pembeni ya mlango ili wapite.

Mkurugenzi akavuka mkeka akiwa na soksi, suti imekunjamana kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Akaenda mpaka mbele yake. Nilijua anakwenda kumpa pole, kwa ile sauti yake ya wodini, na nikafumba macho. Badala yake alikohoa, akasema kwa sauti ya ofisini, kila mtu asikie:

"Na wewe, Jumatatu usichelewe kazini."

Mwanamke akavuta kamasi, akamtazama toka juu hadi chini.

"Nichelewe, kwani mimi Mzaramo?"

Jeneza likatoka mlangoni watu wanacheka, dada wa marehemu akicheka kuliko wote, na mimi nyuma yao nalia bila kujificha.